Re: Mimi na mke wangu tulipe ada au tujenge darasa kijijini?

Mkuu, hongereni wewe na shemeji. Ila hiyo ada ya watoto wa kijijini kwenu Uvinza mnamlipa nani? Shule za serikali zilifuta ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Kinachowakwamisha watoto ni sare, madaftari, mchango wa chakula na, kwa sekondari za kata, umbali. Binti wa mbali huishia kupanga geto karibu na shule, na yanayofuata unayajua.

Mimi ningeanza na hosteli ya wasichana. Lakini msikimbilie kuchimba msingi. Ulizeni kwanza kama kuna boma: wananchi wamepandisha kuta kwa nguvu zao, limekwama kwenye lenta likisubiri mabati. Mkimalizia hilo mtaokoa pesa, na wanakijiji wataliona ni lao.

Pitieni kwa mtendaji wa kata na bodi ya shule, makubaliano yawe kwa maandishi. Pesa taslimu msimkabidhi mtu, hata awe mjomba (hasa mjomba!). Mabati na saruji nunueni wenyewe Kigoma mjini, risiti akae nazo shemeji.