Mashine moja, mishahara miwili

Ndugu, umeuliza kwa nini waendesha mashine za kukata chuma wawili wa kiwanda kimoja wanapishana mshahara ilhali wote “wanabonyeza vitufe tu”. Tofauti iko kabla ya hivyo vitufe. Anayefunga chuma kwenye mashine, akawasha na kutoa kilichokwisha, hulipwa kidogo, kwani kazi hiyo hujifunzwa haraka. Lakini anayesoma mchoro, akachagua kisu, akaipanga mashine mwenyewe, kisha akipima kipande na kukuta kimezidi kwa 0.02 mm anajua arekebishe wapi kabla cha pili hakijaharibika, huyo ndiye mwenye bei. Akiweza na kuandika programu ya CNC (maagizo ya kompyuta yanayoiongoza mashine), anapanda tena.

Bidhaa nayo ina neno lake: vipuri vya ndege au vifaa vya upasuaji kwa kawaida hulipa kuliko bawaba za milango. Halafu kuna zamu ya usiku, ovataimu, na kama chama cha wafanyakazi kina nguvu.

Ukilinganisha, uliza mshahara wa msingi. Wengi hutaja jumla yenye ovataimu ndani (mimi nilishaingia mkenge huo).