Samoni inanikaukia, nifanyeje?

SWALI: Dada shikamoo, mie niko Ngamiani hapa Tanga, wifi kaniletea samaki samoni (salmon) ya Norwei ya kugandishwa, nimeikaanga kama nguru ikawa kavu na kutoa vitu vyeupe. Oveni sina.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Samoni ina mafuta yake yenyewe, usiizamishe kwenye mafuta mengi kama samaki changu! Iyeyushe kwenye friji usiku kucha, ikaushe maji vizuri, chumvi, frampeni ipate moto wa wastani, mafuta kijiko kimoja, ngozi chini na usiiguseguse, dakika 5 hivi ukiona rangi ya kuiva imepanda ubavuni karibu na juu geuza, dakika 1 au 2 epua. Hivyo vyeupe ni protini tu, havina ubaya, ila vikizidi ujue umepitiliza moto. Jiko la mkaa pia sawa, subiri makaa yapoe kidogo na wavu upake mafuta.

Mie lakini naipenda ya nazi. Tui na viungo vikishaiva punguza moto ndo utumbukize vipande, dakika 6 mpaka 8, usikoroge itamomonyoka, ndimu kamulia mwisho. Ukibonyeza na uma ikaachia mapande imeiva, mwenye kipimajoto, katikati ya nyama iwe nyuzi 63 za Selsiasi.