Muulize Fundi: Monita inapepesa halafu inaingia giza, nitengeneze au ninunue nyingine?

SWALI: Shikamoo fundi. Mie nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga, nachapa na kutoa kopi. Monita yangu ya inchi 19 niliinunua mtumba, sasa siku hizi asubuhi nikiiwasha ile taa ya mbele inapepesa tu, picha haiji, nazima nawasha nazima nawasha mpaka ndo inakubali, halafu mchana inaweza kuingia giza ghafla wakati kompyuta yenyewe inaendelea, najua kwa sababu printa inatoa kazi kama kawaida. Fundi wa kwanza kasema kioo kimekufa, ninunue nyingine, anayo ya 110,000. Wa pili kasema niache monita pamoja na 40,000 ataiangalia. Msimu wa fomu za kujiunga na shule ndo huu na hela ya kubahatisha sina. Nishike lipi?
Mama Steshenari, Ngamiani

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Usimpe hela yeyote kati ya hao wawili kwanza, maana kwa ulivyoeleza mie naona kioo chako kizima kabisa. Kioo kikifa hakikwambii nizime uniwashe tena, kinaonyesha mistari ya kusimama, au doa jeusi linalotanuka, au ufa, na hivyo vinakaa hapohapo asubuhi mpaka jioni. Monita inayogoma ikiwa ya baridi na kukubali ikishapata moto, mara nyingi sana ugonjwa wake uko kwenye bodi ya pawa, ile inayogawa umeme ndani ya monita, na hiyo inatengenezeka.

Jipimie mwenyewe, haikugharimu kitu. Siku ikiingia giza tena usiizime. Rudishia mlango duka liwe na giza kidogo, washa tochi ya simu, isogeze karibu na kioo uimulike kwa ubavu, halafu tazama taratibu. Kama utaona kwa mbali ile barua uliyokuwa unachapa, na saa pale kona ya chini kulia, basi picha ipo na kioo kinafanya kazi, kilichozimika ni taa za nyuma yake. Kioo cha monita hakina mwanga wake, kinamulikwa kutoka nyuma. Na kama huoni hata kivuli, na taa ya mbele inapepesa, basi umeme wenyewe haufiki vizuri ndani. Njia zote mbili zinatupeleka kwenye bodi ya pawa kwanza.

Kwenye hiyo bodi kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya duara vyenye alama ya mkato kichwani, vinavyoshika na kutuliza umeme. Nzima ina kichwa bapa. Iliyochoka utaiona imevimba kichwa, na nyingine imetoa uji wa kahawia uliokaukia pale chini. Ndani yake mna majimaji, na joto la miaka linayakausha, ndo maana asubuhi inashindwa kushika kazi mpaka ipate moto. Halafu zipo monita za mtumba za miaka ya 2000, na kipindi kile kapasita mbovu zilijaa dunia nzima, kwa hiyo hilo tatizo mafundi wanalijua sana.

Ila usifungue mwenyewe, tafadhali. Ile kapasita kubwa ya upande unaoingia umeme inabeba zaidi ya volti 300 na hata ukichomoa waya ukutani inaweza kubaki na chaji ya kukudhuru. Mpelekee fundi, ukae pale pale, afungue ukiona. Mwambie akuonyeshe iliyovimba. Abadilishe zote ndogo za bodi ya pawa siyo ile moja tu, maana zimezeeka pamoja na baada ya muda mfupi utarudi tena. Mpya ziwe na namba ileile ya mikrofaradi, yaani kipimo cha chaji inayoshika, volti zilingane au zizidi kidogo zisipungue, na ziwe zimeandikwa nyuzi 105 za joto, siyo 85. Vifaa vyenyewe ni bei ndogo, unacholipia hapo ni mkono wa fundi, kwa hiyo 40,000 kabla hata skrubu moja haijafunguliwa ni nyingi. Na yule anayetangaza kioo kimekufa bila kufungua huku ana ya kwake ya kuuza, mie maneno yake nayaweka pembeni. Kipimo changu: matengenezo yakipita nusu ya bei ya monita nzima unayoweza kuipata hapo mjini, acha.

Sasa kuna hali moja ambayo na mie ningekwambia nunua. Fundi akikuta kapasita ziko sawa, na monita inaonyesha picha sekunde mbili tatu inazima, au ikiwaka rangi inakuwa ya pinki kwanza, hapo mara nyingi taa zenyewe zimechoka. Za zamani ni mirija ya kioo myembamba kuliko mrija wa soda, kuibadilisha ni kazi ya kutenganisha kioo chote na mkono ukiteleza kidogo umepoteza vyote. Hapo tafuta monita ya LED, ile inayomulikwa na vitaa vidogo badala ya mirija. Ya zamani ya inchi 19 inakula kama wati 35, ya LED ya saizi hiyo inakula kama 15. Wewe unafungua asubuhi unafunga usiku, tuseme saa 12 kwa siku, tofauti inafika kama uniti 7 za luku kila mwezi, na hiyo ni hela yako. Ile ya zamani usiivunje wala usiichome jalalani, mirija yake ina zebaki na watoto wanachezea pale.

Ukienda kununua beba laptopu au uombe kompyuta ya pale dukani, iache iwake nusu saa nzima, fungua ukurasa mweupe mtupu kisha mweusi mtupu uangalie madoa na kona, zima, iache ipoe, washa tena. Muuzaji akikataa hilo nenda duka la pili. Na ukishaweka mpya, umeme ukikatika chomoa kabisa, subiri urudi utulie ndo uchomeke, na ukipata nafasi nunua stebilaiza. Huku kwetu pwani hewa ya chumvi nayo inakula pini, kwa hiyo kichwa cha kebo kikianza ukijani kibadilishe mapema.

SWALI: Fundi, kioo cha monita yangu kimepasuka. Nina TV ya inchi 32 ndani, naweza kuitumia kwenye kompyuta moja kwa moja?
Kijana wa Dunda, Bagamoyo

JIBU: Unaweza mdogo wangu, na kwa kioo kilichopasuka hata usihangaike na fundi, kioo peke yake bei yake inakaribia monita nzima. Tumia kebo ya HDMI, halafu kwenye TV tafuta mpangilio wa picha usiokata kingo, la sivyo vitufe vya pembeni havitaonekana. Ila TV nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768 tu, monita ya inchi 22 kwa kawaida ina 1920 kwa 1080, kwa hiyo ukikaa karibu herufi zitakuwa kubwa lakini zenye ukungu. Kwa filamu na mpira sawa kabisa. Kwa kuchapa kutwa nzima macho yatakuuma, isogeze hatua mbili nyuma na uongeze ukubwa wa maandishi huku ukidunduliza ya monita.