Red Sox 2004: mimi naupigia kura wizi wa Dave Roberts

Mkuu, umeuliza ni tukio gani la Boston Red Sox, timu ya besiboli ya Marekani, lisilosahaulika. Wengi watakutajia ubingwa wa 2004, wa kwanza tangu 1918. Mimi nakutajia wizi.

Oktoba 17, 2004, Fenway Park. Yankees wa New York wameshawafunga Boston mechi 3 mfululizo za nusu fainali. Wakishinda hii ya nne, wanaingia fainali. Awamu ya 9, ya mwisho, Boston wako nyuma 4-3, na mrushaji wa Yankees ni Mariano Rivera, mtu ambaye akiingia, wapinzani huanza kutafuta funguo za gari. Kevin Millar wa Boston anapata kituo cha kwanza bure, anatolewa, anaingia Dave Roberts kukimbia badala yake. Uwanja mzima unajua kaletwa kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa. Rivera anatupa mpira kituo cha kwanza mara 3 kumbana. Wapi! Alipomgeukia mpigaji tu, jamaa kachomoka, kajirusha kifudifudi, mkono ukatangulia kwa unywele. Bill Mueller akapiga, Roberts akafika nyumbani, kituo cha mwisho kinacholeta pointi: 4-4.

Saa saba usiku ilishapita David Ortiz wa Boston alipoutandika mpira ukavuka uzio, awamu ya 12 ya nyongeza, na mechi ikawa yao. Wakashinda 3 zilizofuata, kisha kwenye fainali wakawafagia Cardinals mechi 4-0. Soksi yenye damu ya Schilling, mrushaji wa Boston, niulize siku nyingine.