Re: Nimeitwa kazi ya bustani za jiji, niende?

Mdogo wangu, unasema una diploma ya kilimo cha bustani kutoka chuo cha Tengeru, Arusha, halmashauri imekuita, na unaogopa utaishia kufagia majani. Mwanzoni utafagia kweli, usikatae. Ila kazi yenyewe ni maji, bajeti na miti mikubwa. Dai ratiba ya maboza ya maji kabla ya kiangazi; ukoka ukikauka, lawama zote zako. Miti ya kivuli kagua shina pale chini: ukiona uyoga, au ukigonga likalia kama mtungi mtupu, huenda limeoza ndani. Hapo waandikie wakubwa wako barua, baki na nakala. Matawi yanayogusa nyaya za umeme waachie TANESCO, shirika la umeme, usipandishe kibarua juu ya mti. Na kama ni mkataba wa muda, ulizia bima kabla hujasaini.