Maswali na Majibu: Sataranji za Sheria Nyingine

Binti yangu wa miaka 12 amehamia Chess960, mchezo wa kawaida hautaki tena. Nimzuie? (Mzazi, Arusha)

Usimzuie. Katika sataranji zote zilizogeuzwa, hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na sataranji yenyewe. Askari wanabaki mahali pao. Kete za safu ya nyuma ndizo zinazopangwa kwa kura, ilimradi maaskofu wawe kwenye rangi tofauti na mfalme akae kati ya ngome zake mbili. Mipangilio inayopatikana ni 960. Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa zamani, aliitangaza Buenos Aires mwaka 1996 kwa kuwa alichoka kuona watu wakishindana kukariri funguzi, yaani hatua za mwanzo za mchezo, nami niko upande wake kabisa. Vijana wanakuja na hatua kumi za ulinzi wa Sisilia, ufunguzi maarufu wa mweusi, walizookota kwenye video. Mpinzani akichepuka hatua ya nne, wanaganda.

Chess960 inamlazimisha mtoto ajiulize tangu hatua ya kwanza: askari yupi hana mlinzi? Katika baadhi ya mipangilio yupo kweli, jambo ambalo mpangilio wa kawaida hauna. Na tazama wanaotamba humo. Fainali ya kwanza ya dunia iliyotambuliwa na FIDE, shirikisho la sataranji duniani, Norway 2019, Wesley So alimfunga Magnus Carlsen 13.5 kwa 2.5. Mwaka 2022, Reykjavik, bingwa akawa Hikaru Nakamura. Wote hao ni vigogo wa sataranji ya kawaida.

Ila mashindano yakikaribia arudi kwenye mpangilio wa kawaida, la sivyo muda wake wote utaishia kwenye ufunguzi.

Nicheze aina gani ili pointi zangu zipande haraka? (Wasomaji wengi, kila wiki)

Hakuna. Nimeshajibu hili mara nyingi. Pitia michezo uliyopoteza.

Wanafunzi wangu wanacheza baghausi kila mapumziko. Inawaharibu? (Mwalimu, Kisumu)

Wanaoanza, ndiyo. Baghausi ni watu wanne, mbao mbili; kete unayokula unampa mwenzako, naye anaipachika kwenye ubao wake. Anayejua thamani ya kete inamnoa jicho la kumwinda mfalme. Asiyejua inamzoesha kugawa kete bure.

Nilimtazama kijana mmoja kwenye mashindano ya shule. Askari wakaanza e4 na e5 (hayo ni majina ya miraba ya ubao), farasi mmoja mmoja wakatoka, maaskofu wakakaa c4 na c5. Hatua ya nne askofu wake akala f7, cheki, yaani mfalme katishiwa. Mfalme akamla. Farasi akaruka g5, cheki tena, na malkia mweusi akateleza kutoka d8 akamla naye. Kete mbili zimekwenda kwa askari mmoja. Kwenye baghausi angekuwa na mwenzake wa kumpa farasi mwingine mkononi. Pale alikuwa peke yake. Nilipomuuliza baadaye, akaniambia darasani hatua hiyo inawashinda wote. Hapo ndipo penye madhara, mwalimu: alikuwa ameizoea hata hakuhesabu tena.

Waachie Ijumaa. Siku nyingine hakikisha kila mmoja anaweza kumfunga mfalme aliyebaki pekee akitumia ngome na mfalme wake. Wengi hawawezi, na bado wanataka kwenda mashindanoni.

Drafti inaharibu sataranji? (Kijana, Tanga)

Haiharibu. Wazee wa drafti wanahesabu mbali kuliko wengi wenu mnaojiita wachezaji wa sataranji. Angalia kitu kimoja tu: kwenye drafti kula ni lazima, na anayetoka huko hula kila anachowekewa. Kwenye sataranji una haki ya kukataa. Ukitegwa askari, muulize kwanza mpinzani wako anataka nini.

Mwanangu wa miaka 7 anapenda ile ya mlipuko tu. (Mama, Nakuru)

Msimamishe kwa sasa, mama. Kwenye hiyo ya mlipuko, yaani atomiki, kete ikiliwa, inayokula nayo inakufa, pamoja na kete zote za jirani isipokuwa askari. Mfalme haruhusiwi kula, na wafalme wawili wanaweza kusimama bega kwa bega kwa usalama kabisa, kwa sababu kumlipua mmoja ni kumlipua na mwingine. Mtoto aliyejifunza hayo kwanza hataelewa kwa nini kwenye mchezo wa kawaida wafalme hawasogeleani, na bila kulielewa hilo hataweza kumalizia mchezo wa askari mmoja uliobaki. Akishalijua vizuri, mrudishie mlipuko wake.

Na michezo ya dakika moja kwenye simu? (Mzazi, Dodoma)

Sheria zake ni zilezile, kwa hiyo watu hawaihesabu pamoja na hizi. Mimi naiogopa kuliko zote. Baghausi angalau watoto wanatazamana na kuzungumza. Kwenye dakika moja mtoto anasogeza kidole na hakumbuki alichocheza. Anzia dakika kumi na tano kwa kila mchezaji, na asianze mchezo mpya kabla hajakuonyesha ubaoni alipokosea kwenye ule uliopita. Hata kama wewe huchezi, mwache akueleze.