Karatasi za Abraham Sutzkever ziko wapi

Huenda ukadhani karatasi za Abraham Sutzkever, mshairi aliyeandika kwa Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki), ziliteketea zote katika Vita vya Pili vya Dunia. Hapana: nyaraka zake nyingi zimo katika Maktaba ya Taifa ya Israel mjini Jerusalem, na mkusanyiko mwingine unaobeba jina lake na la mwenzake Shmerke Kaczerginski umo katika YIVO, taasisi ya utafiti wa historia na utamaduni wa Wayahudi iliyoko New York. Zilinusurika kwa ujasiri wa watu, kwa sababu Wanazi walipowalazimisha wasomi wa geto, yaani mtaa walimofungiwa Wayahudi, la Vilna (leo Vilnius, Lithuania) kuchambua vitabu na miswada ya Kiyahudi, baadhi ipelekwe Ujerumani na mingine isagwe viwandani, Sutzkever na wenzake walirudi jioni na karatasi zimefichwa ndani ya nguo, wakipita mbele ya walinzi ambao wangeweza kuwaua papo hapo. Mji ulipokombolewa Julai 1944, walionusurika walirudi kufukua walichozika.

Ila tusichanganye: sehemu kubwa ya walichookoa haikuwa miswada yake mwenyewe, bali barua, shajara na maandishi ya watu wengine, na kwangu hilo ndilo linalogusa zaidi. Kuna pia shehena iliyobaki Lithuania, ambayo mkutubi Antanas Ulpis aliificha kanisani enzi za Kisovieti. Mwaka 2017 YIVO ilitangaza kwamba kurasa nyingine zipatazo 170,000 zimepatikana huko, zikiwemo mashairi ya Sutzkever aliyoyaandika kwa mkono akiwa getoni.